Matubwitubwi Ndani ya Karavani

Jumamosi, tarehe 6 Julai

Tumeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Baba kwenye usukani, Mama na ramani, dada yangu Lorelle na mimi kiti cha nyuma, na karavani, nyumba yetu ya magurudumu, ikitufuata kama mbuzi anayevutwa asikotaka. Wiki mbili! Kaskazini kabisa, kwenye joto, mitende na mamba.

Mimi ni mgonjwa. Naandika ili nisisahau. Tangu jana saa tatu asubuhi, mimi, Alwyn Pascoe, karani wa majaribio katika ofisi ya ramani na mipaka, nina matubwitubwi. Nilimpigia simu mkuu wangu, Bwana Gorringe, nikiwa na soksi mdomoni. (Safi. Niliifua mwenyewe.)

Sikuwa na njia nyingine. Karani wa majaribio haruhusiwi likizo. Majaribio yangu yanakwisha Jumatatu tarehe 22, siku ambayo Bwana Gorringe atasaini niajiriwe moja kwa moja, au nirudi nyumbani na kalamu zangu. Baba alisema acha ujinga, piga simu useme unaumwa, nchi hii yote hufanya hivyo. Ni kweli. Lakini wenzangu huumwa tumbo siku moja, ya mechi. Mimi nahitaji siku kumi na nne. Nilikaa maktaba jioni tatu nikitafuta ugonjwa unaofaa. Matubwitubwi yamenipendeza: ni marefu, yanaambukiza, na hakuna anayekuja kumjulia mtu hali. Nimechora jedwali la dalili, siku kwa siku.

Lorelle amelisoma jedwali. Amesema ningekwenda kazini ningefanya kazi kidogo kuliko hii.

Jumatatu, tarehe 8 Julai

Kitanda changu ni meza. Mchana watu wanalia chakula juu yake, usiku inashushwa nami nakunjwa humo. Mimi ndiye wa mwisho kulala na wa kwanza kuamshwa, maana Baba anataka chai.

Leo jedwali linasema: "Uvimbe wa shavu la pili. Sauti nzito." Tuliposimama kutia mafuta niliingia kwenye kibanda cha simu na soksi yangu nikapiga ofisini kutoa taarifa. Simu imeita mara ishirini na mbili. Hakuna aliyepokea! Ofisi ya watu saba! Saa nne asubuhi!

Sababu ni moja tu. Wanajua ni mimi. Wamekaa wanaitazama simu kwa dharau.

Mwanamke aliyekuwa akisubiri kibanda ameniona nikitoa soksi mdomoni. Amesema basi yeye atapigia mji wa mbele.

Jumanne, tarehe 9 Julai

Nimepiga tena. Kimya. Sijala mchana. Mama amenishika paji la uso na kusema naonekana kama mtu anayeumwa. Ndiyo habari njema ya kwanza wiki hii.

Nzi wa huku hawana haya. Wanaingia puani kama waliolipia. Nimenunua kofia ya wavu, ule unaoshuka mpaka mabegani. Lorelle amesema nafanana na nyama iliyofunikwa mezani. Baba amesema mwacheni Profesa, angalau nzi watajua kuna mwenyewe. Profesa ndilo jina langu nyumbani tangu nilipovaa miwani.

Jumatano, tarehe 10 Julai



Kila anayesafiri na karavani anajua balaa la saa kumi jioni. Ndiyo saa ya kuingia kambini, na kila anayeingia lazima arudishe karavani kinyumenyume katika nafasi yake, huku waliotangulia wamepanga viti, bia mkononi, wakimtazama. Hawasemi neno. Husema baadaye, wiki nzima.

Anayerudisha ni Baba. Anayesimama nyuma na kumwelekeza kwa mikono ni mimi. Zamani alikuwa Mama, lakini mwaka fulani huko Rockhampton walifanya kazi hiyo pamoja na hawakusemezana mpaka Krismasi. Ishara zetu ni mbili tu. Mikono juu: njoo. Mikono imepishana kifuani: simama. Baba hajui nyingine na hataki kujua.

Nilikuwa nimesimama, mikono juu. Baba anakuja vizuri. Watazamaji kama thelathini. Nikageuka kuangalia nafasi iliyobaki nyuma yangu, na kwenye nafasi ya jirani, kwenye kiti cha kukunja, miguu ndani ya beseni la maji baridi, ameketi Bwana Gorringe.

Bwana Gorringe! Wa ofisini! Kilomita elfu moja na mia sita kutoka mezani kwake!

Wavu nilikuwa nimeuacha garini. Nikafanya jambo moja tu lililonijia: nikafunika uso kwa mikono yote miwili na kuondoka.

Baba anasema, na nakubali, kwamba kufunika uso hakumo katika zile ishara mbili. Hakuambiwa asimame, basi hakusimama. Karavani yetu ikapita nafasi yetu, ikaingia kwa jirani, ikazoa turubai lote la kivuli, kamba ya nguo na beseni. Bwana Gorringe aliruka kwa wakati. Watazamaji walisimama kupiga makofi.

Mimi nilikuwa chooni, nimejifungia. Niko hapa bado.

Alhamisi, tarehe 11 Julai

Ningejua kwamba Baba akimvunjia mtu kitu humfanya rafiki, ningemzuia.

Amekwenda kuomba radhi na katoni ya bia. Amerudi baada ya saa mbili akisema yule jamaa ni mtu wa watu, naye anapenda treni kama yeye (Baba alifanya kazi reli miaka thelathini na minne). Kwa kuwa sasa hawana kivuli, watakaa chini ya chetu, yeye na mkewe Hilda, na tutasafiri pamoja mpaka mtoni. Majina ya ukoo hawakupeana. Huku Baba ni Clarrie, mwenzake ni Ron, basi.

Nilifikiri haraka. Jioni, viti vilipokusanywa, nilitokea nikiwa na kofia ya wavu. Nimesema macho yangu hayavumilii nzi. Baba akanitambulisha: huyu Profesa wetu, msimjali, ni mwoga tangu tumboni. Bwana Gorringe akanipa mkono bila kunitazama. Hata ofisini hunipa hivyo hivyo.

Kula soseji nyuma ya wavu hakuwezekani. Kunywa bia kunawezekana, lakini nusu inabaki kwenye wavu na kurudi kidogo kidogo.

Kisha Baba akauliza amepataje likizo katikati ya Julai. Bwana Gorringe akacheka. Akasema, "Sikiliza, Clarrie, hii ni bahati ya mtende. Kuna kijana wangu ofisini, Pascoe, kapata matubwitubwi."

Baba akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote.

Bwana Gorringe akaendelea. Alisema mtoto akipata matubwitubwi huvimba mashavu. Mwanamume mzima huvimba mashavu, halafu panavimba pengine. Akapaonyesha kwa jicho. Yeye hajawahi kuugua utotoni. Wanaume wengine wawili wa ofisini nao hawajawahi. Ijumaa saa tatu na nusu ofisi ilikuwa imefungwa, madirisha wazi, kiti changu kimetolewa uani na kumwagiwa dawa. Siku kumi na nne kwa amri ya afya. Likizo yake ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja!

Ndiyo maana simu haikupokelewa. Ugonjwa wangu umeifunga serikali.

Hilda akasema maskini kijana, peke yake na mashavu yake. Bwana Gorringe akasema, na nayaandika maneno yake kamili: "Pascoe anahesabu pini mara mbili na anaogopa mlango ukifungwa kwa nguvu, lakini uongo haujui. Fomu yake ninayo hapa kwenye mkoba. Nikirudi nasaini."

Moyo wangu! Siku kumi na moja. Natakiwa tu kubaki ndani ya wavu siku kumi na moja.

Baba alinivuta kando akauliza kwa nini nimemvunja kidole cha mguu. Nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Nimemwapisha asiseme. Lakini Baba akipewa siri huiona ni mzigo wa mtu mwingine, hatulii mpaka aufikishe kwa mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 12 Julai

Lorelle naye anajua. Ametaja bei yake papo hapo: vyombo vyote nioshe mimi, na ndoo ya choo cha karavani nikaimwage mimi. Ndoo nilikuwa naimwaga tangu zamani. Amesema ndiyo, lakini sasa nitabasamu.

Jioni Baba alianza. Nilimwona usoni. Alinywa, akapangusa mdomo, akasema, "Ron, nikwambie kisa cha kijana mmoja na soksi..."

Nikapiga yowe: nyoka! Chini ya kiti cha Hilda!

Lilikuwa jambo la busara. Kila mtu aliruka, kisa kikafa. Kambi nzima ikaja na majembe na tochi, wakapekua majani, nami nikawaelekeza huku na huku kwa utulivu wa mtu anayejua hakuna kitu.

Alikuwepo. Chini ya kiti cha Hilda hasa. Mrefu kama ufagio.

Nimeambiwa nilianguka bila sauti. Nilipozinduka Hilda alikuwa akijaribu kunivua wavu nipate hewa, nami nikaung'ang'ania kwa meno. Sasa wananiheshimu. Bwana Gorringe amesema ana macho huyu, anaona nyoka kupitia wavu, kupitia kiti, kupitia mwanamke mzima.

Jumapili, tarehe 14 Julai

Tuko kando ya mto. Pana bango lenye picha ya mamba na mtu ndani yake. Maji yametulia mno.

Siku ilianza vizuri. Asubuhi nilikuwa naenda kuosha vyombo vya watu sita (wa akina Gorringe pia, kwa shauri la Lorelle) nilipomwona Bwana Gorringe akija na taulo. Wavu ulikuwa umeloa, nimeushika mkononi. Nikauvaa haraka na kurudi kinyumenyume vichakani. Mimi sina wa kunielekeza kwa mikono. Kichwa changu kikaingia katika kiota cha majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini.

Majimoto wa huku ni wa kijani na hawabishi hodi. Waliingia chini ya wavu, na wavu ule ambao hauruhusu nzi kuingia hauruhusu majimoto kutoka. Nilijitahidi kunyamaza. Nilifika hesabu ya nne. Kisha nikaurarua na kutoka kichakani nikipiga mayowe, sufuria mkononi, mashavu yamevimba mpaka miwani haikai, na nikasimama hatua mbili kutoka kwa Bwana Gorringe.

Alinitazama. Alitazama mashavu. Uso wake ukawa mweupe kama jibini.

"Pascoe!" akasema. Kisha, kwa sauti iliyosikika ng'ambo ya mto: "Matubwitubwi! Wanaume, kimbieni! Matubwitubwi kambini!"

Sijawahi kuona watu wazima wakikimbia hivyo. Wenye kaptula, wenye taulo, mmoja na nusu ya ndevu imenyolewa. Wote wakakimbilia upande wa mtoni, kwa kuwa upande wa pili nilikuwa mimi. Pale kwenye bango wakasimama. Mbele mamba, nyuma mashavu yangu. Nimewaona kwa macho yangu wanaume kumi na wanne wakifikiria kwa dhati kuhusu mamba.

Nikapata wazo zuri, hata katika maumivu. Nimevimba! Mbele ya mashahidi! Sasa hakuna anayeweza kusema nilidanganya. Nikaweka mkono shingoni na kuugua kama jedwali linavyoelekeza siku ya kumi.

Ndipo akaja Bi. Ailsa. Ni muuguzi mstaafu wa karavani ya kijani, mama mfupi mwenye mikono ya mwashi. Akaniminya taya, akanigeuza kichwa kama anachagua tikiti, akaingiza kidole sikioni mwangu na kutoa kitu. Akakinyanyua wote wakione.

Akauliza, "Tangu lini matubwitubwi yana miguu sita?"

Kicheko! Wanaume wakarudi mmoja mmoja, wakijidai walikwenda kuangalia mto. Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini Baba alikuwa amefika, na furaha yake haikubebeka. Akampiga Bwana Gorringe begani akasema, "Mwenzangu, na yale ya kwanza ndiyo hayakuwa na miguu kabisa! Yalikuwa soksi!"

 Bwana Gorringe aliokota taulo lake, akalikunja mara nne, akaenda zake.

Jumatatu, tarehe 15 Julai

Sikulala. Nimeandika barua tatu za kuomba msamaha na moja ya kuacha kazi, zote kwa mwandiko mzuri. Mama alisema mwanangu, nenda kamwambie mtu ukweli mara moja, utaona ulivyo mwepesi. Nimemwahidi nitalifikiria.

Saa tatu Bwana Gorringe alikuja akasema tutembee. Tukatembea mpaka kwenye vichuguu, vile virefu kuliko mtu, tukasimama katikati yake kama wezi wawili. Nilikuwa nimeshatoa barua ya kuacha kazi. Akaisukuma kando.

Alikuwa anatokwa jasho kuliko mimi. Akaniuliza kama najua kanuni ya kufunga ofisi. Naijua: wagonjwa watatu. Akaniuliza nilikuwa wangapi. Nikasema mmoja. Akasema, na mmoja huyo si mgonjwa.

Akafukuza nzi.

Basi akaniambia. Ijumaa ile, makao makuu walipouliza idadi, aliwaambia watatu. Wa pili alikuwa Bi. Dunphy wa masjala, ambaye yuko kwa dada yake anakaanga samaki. Wa tatu alikuwa yeye Gorringe mwenyewe. Hilda anaamini ofisi ilifungwa kwa kanuni. Makao makuu wanataka ripoti ya maandishi kabla ya Jumatatu.

Akasema, "Pascoe, mimi nikidanganya nasikika kama mtu anayedanganya. Wewe una jedwali."

Ripoti nzuri, na atasaini fomu. Ripoti mbaya, tutaondoka wote wawili. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Tena nikamshukuru.

Jumatano, tarehe 17 Julai

Kurasa kumi na tisa! Siku mbili kwenye meza ambayo ni kitanda changu. Watu wamekula wamesimama.

Sijui kama nimewahi kuandika kitu kizuri namna hii. Kuna mchoro wa ofisi unaoonyesha ugonjwa ulivyotoka meza hadi meza. Kuna joto la kila mgonjwa, asubuhi na jioni. Bwana Gorringe alishika ripoti, akaipima uzito kwa mkono, akasema hiyo ndiyo kazi. Hakuisoma. Akatoa fomu mkobani, akaiweka juu ya boneti la gari lake na kusaini. Nimeajiriwa! Mimi, Alwyn Pascoe, karani kamili! Hilda akanibusu shavu lililobaki na uvimbe. Baba akasema huyo ndiye Profesa wangu, akalia machozi, akafungua bia.

Kwa kuwa wagonjwa hawawezi kutuma barua yenye muhuri wa posta ya huku, niliisoma ripoti yote kwa simu, nikiwa na soksi. Dakika hamsini na tano. Karani wa makao makuu aliyekuwa akiandika aliniambia mara mbili nipumzike, kaka, utajiua.

Ijumaa, tarehe 19 Julai

Tuko njiani kurudi. Kila mtu anaimba.

Leo tuliposimama kutia mafuta nimepiga simu makao makuu kuhakikisha ripoti imefika salama. Hakuna aliyenituma. Ni uangalifu tu. Mtu makini huhakikisha.

Imefika. Wameipenda mno. Wameipeleka kwa daktari mkuu, naye hajawahi kuona mlipuko ulioelezwa vizuri hivyo. Anakuja mwenyewe, Jumatatu saa tatu, na wasaidizi wawili, kuwapima wagonjwa wote kumi na mmoja.

Niliandika kumi na mmoja. Watatu walionekana wachache. Kurasa kumi na tisa kwa watu watatu! Nani angeamini? Nikaongeza mmoja, kisha wawili, na mchoro ukazidi kupendeza.

Ofisi ina watumishi saba.

Nimerudi garini. Bwana Gorringe alipunga mkono kutoka dirishani kwake, uso umemnawiri, amepata rangi ya jua. Sikuona sababu ya kumsumbua likizoni. Mama aliuliza kama kuna jambo. Nikasema joto. Akanikumbusha habari ya ukweli na wepesi wake. Nikasema ndiyo Mama.

Nimekaa nyuma na karatasi magotini, na nimetulia kuliko nilivyokuwa wiki hizi mbili, maana hesabu yenyewe si ngumu. Kumi na mmoja kutoa saba ni wanne. Hao wanne daktari hatawakuta. Imebidi wafe.

Nimeanza kuandika taarifa za vifo. Wa kwanza nimempa jina Cuthbert Lisle, msaidizi wa masjala, umri miaka hamsini na mmoja. Amefariki jana alfajiri, akiuliza habari za kazi. Ameacha mjane na watoto wawili.

Watatu.

Nimelia kidogo. Alikuwa mtu mwema.